Kambi za Likizo Kando ya Ziwa

Neno kambi halina sura nzuri katika nchi yetu. Ukilitaja mbele ya mama wa bonde la Ruzizi, kwanza atafikiri askari. Ukilitaja mara ya pili atafikiri wakimbizi. Mwaka 2015 maelfu ya ndugu zetu Warundi walipokelewa katika kambi ya Lusenda, upande wa Fizi. Mwezi wa Agosti 2004, huko Gatumba ng'ambo ya mpaka, watu zaidi ya 150 waliuawa usiku ndani ya kambi ya wakimbizi, wengi wao Banyamulenge. Na mwezi wa Desemba 2025 vita vilipoingia Uvira, wengi walikimbilia Burundi na mafurushi vichwani, wakajua tena maana ya kulala chini ya turubai. Basi, padri anaposimama baada ya Misa na kutangaza kwamba watoto wataenda kambini, si ajabu kuona wazazi wakitazamana.

Hata hivyo kambi anayoitangaza padri ni ya namna nyingine. Ni kambi ya likizo. Mwezi wa saba na wa nane, shule zikifungwa, chama cha vijana au shirika la huruma la kikristu hukusanya watoto kwa siku chache, penye uwanja na maji, ili wacheze, wasali, wale pamoja na kulala pamoja. Pengine na wazazi huitwa. Kazi hii twaipenda. Tumeiona ikianza, ikikatizwa na vita, ikaanza tena. Na kwa kuwa twaipenda, twataka leo kuipima vizuri, kama mvuvi anavyoutazama wavu wake mchana ili aone umechanika wapi kabla ya kurudi ziwani usiku. Hatutataja kambi yoyote kwa jina. Mwenye wavu ataujua wake.

Kazi hii ilitoka wapi?

Wako wanaosema kwamba kupumzika ni desturi ya wazungu, na kwamba mtu maskini hana likizo. Tuwajibu kwa Injili. Mitume walirudi wamechoka, watu walikuwa wengi hata nafasi ya kula hawakupata, na Bwana Wetu mwenyewe akawaita waende naye kando wapumzike kidogo. Marko anatueleza hayo katika sura ya sita. Naye Yohane, mwishoni mwa Injili yake, atuonyesha Bwana mfufuka kando ya ziwa asubuhi, amewasha moto wa makaa, ameweka samaki na mkate, awaita wavuvi waje kula. Sisi watu wa Tanganyika tunayo macho ya kuiona picha ile. Tumenusa moshi wa namna hiyo kila siku ya maisha yetu.

Baada ya Mitume, watakatifu walifuata njia ile ile. Mtakatifu Filipo Neri aliwaongoza vijana wa Roma kwa miguu kuyazuru makanisa saba, na katikati ya safari walikaa chini ya miti, wakala, wakaimba. Mtakatifu Yohane Bosco kila mwaka wakati wa mavuno ya zabibu aliwatoa vijana wake wa Torino, akawapeleka vijijini kwa siku nyingi, na zeze na michezo yao. Hata ndugu zetu Waprotestanti wana sehemu yao: mwaka 1876 mchungaji Hermann Walter Bion wa Zürich, katika Uswisi, alichukua watoto maskini 68 wa mjini akawapeleka milimani Appenzell ili wapate hewa na chakula. Kutokana na tendo lile kambi za likizo zilienea Ulaya yote.

Kwetu mlango ulifunguliwa na chama cha Xaveri. Mwaka 1952, huko Bukavu, Padri Georges Defour wa Shirika la Mapadri Weupe aliwakusanya vijana chini ya jina la Mtakatifu Fransisko Xaveri. Chama kile kilienea Kivu, kikavuka hata Rwanda na Burundi. Wazee wengi waliovaa skafu ya Xaveri utotoni wangali wakiikumbuka njia ya kupanda milima na nyimbo za jioni. Miaka sita baadaye, mwaka 1958, Wamisionari Wasaveri walifika kwetu kutoka Italia, wenye msimamizi yule yule. Mwaka 1962 Uvira ikawa jimbo. Mti huu basi si wa jana, na mizizi yake ni ya hapa hapa.

Mema tuliyoyaona

Tuanze na mema, kwa sababu ni haki.

La kwanza ni kuchanganyika. Katika kambi iliyo nzuri, mtoto wa Kifuliiru, wa Kivira, wa Kibembe, wa Kinyamulenge na wa Kirundi hulala katika hema moja. Kiswahili kinawaunganisha mchana, na usiku kila mmoja anaota kwa lugha ya mama yake. Mtu asiyekaa kwetu hawezi kujua uzito wa jambo hili. Sisi twajua. Katika bonde hili kila kabila lina makaburi yake. Tulitaja Gatumba. Tutaje pia Mutarule, ambako mwezi wa Juni 2014 watu zaidi ya 30 waliuawa usiku mmoja. Mtoto aliyezaliwa kati ya makaburi hayo husikia mapema sana nani ni adui. Hawezi kuambiwa kinyume kwa mahubiri tu. Lazima apate mwenzake wa kabila lile, avute naye kamba upande mmoja, amuone akilia kwa kumkumbuka mama yake usiku wa kwanza, kisha akumbuke kwamba naye alikuwa karibu kulia.

La pili ni kupumzika kwenyewe. Katika kambi moja tulimwuliza msichana wa miaka kumi na miwili ni jambo gani lililompendeza kuliko yote. Tulidhani atataja mchezo, au wali na nyama ya Jumapili. Akajibu: «Nimelala mpaka jua likatoka, siku tatu.» Nyumbani huamshwa saa kumi ya usiku kwenda kutafuta maji na bidoni. Tangu siku ile hatuwezi kukubali mtu atuambie kwamba mapumziko ni anasa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba saa za mapumziko ni za kutuliza roho na kuutia mwili nguvu. Msichana yule hakusoma Mtaguso, lakini alifahamu.

La tatu ni kuwapa watoto furaha baada ya msiba. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ghafula, ukabeba nyumba, madaraja na watu. Ziwa nalo likapanda, likala pwani na barabara, likarudia mwaka 2024. Watoto wengi waliona maji yakiingia kitandani. Wengine wakiliona ziwa hata leo wanarudi nyuma. Kambi njema huwarudisha polepole: leo wanatazama, kesho wanatia miguu, kesho kutwa wanacheka.

Makosa ambayo yatupasa kuyasema

Sasa tuje kwenye yale mengine.

Kosa la kwanza ni filimbi. Kambi nyingine tulizoziona zaendeshwa kama kikosi cha jeshi. Filimbi asubuhi, mistari, «simama imara», kugeuka kulia na kushoto, adhabu ya kuruka kichura kwa anayechelewa. Viongozi husema kwamba hii ni nidhamu. Siku moja tuliona mchezo wa «kuvamia ngome». Watoto walipewa fimbo. Kijana mmoja, hajatimiza miaka kumi na minne, alilala kifudifudi, akatambaa kwa viwiko, fimbo ameibana vizuri begani, jicho moja amelifunga. Kiongozi akashangilia na kumpa alama nyingi. Sisi tuliona baridi mwilini. Mtoto huyo hakujifunza hayo kambini.

Ndugu viongozi, tukumbuke tuko wapi. Mwezi wa Machi 2012 korti ya kimataifa ya La Haye ilitoa hukumu yake ya kwanza tangu kuundwa. Aliyeonekana na hatia alikuwa Thomas Lubanga, mtu wa Ituri, na kosa lake lilikuwa kuwaandika jeshini watoto wasiotimiza miaka 15 na kuwatumia vitani. Hukumu ile ilihusu Ituri, lakini shida hiyo haikukaa Ituri peke yake. Milimani kwetu watoto wamechukuliwa pia. Katika nchi nyingine mchezo wa vita ni mchezo. Hapa ni kumbukumbu, na pengine ni maandalizi. Mtu mwenye bunduki akija kesho kutafuta vijana wanaojua kupanga mstari na kutii bila kuuliza, atawakuta tayari, tena tumewafundisha sisi.

Nidhamu twaitaka. Lakini kuna nidhamu ya kugawa chakula bila kumpunja mdogo, ya kunyamaza mwenzako akisali, ya kurudi majini mara moja ukiitwa, ya kukiri kwamba wewe ndiwe uliyevunja sufuria. Nidhamu hiyo ni ngumu kuliko kugeuka kulia. Wala haihitaji fimbo.

Kosa la pili ni maneno mengi. Katika kambi fulani tuliandika ratiba ya siku moja. Asubuhi somo juu ya amani. Kisha somo juu ya ugonjwa. Baada ya chakula somo juu ya mazingira. Jioni majadiliano ya vikundi na karatasi kubwa ukutani. Mchezo ulipewa saa moja, nayo ikapunguzwa kwa sababu mgeni alichelewa, na alipofika watoto walipangwa wapigwe picha na fulana zao mpya. Masomo yale yalikuwa mema yote. Lakini mtoto amesoma miezi kumi, na sasa tumemwita likizo akasome tena! Twajua kwa nini jambo hili hutokea. Wafadhili hutaka hesabu, na mchezo hauhesabiki. Unaweza kuandika kwamba watoto mia wamefundishwa juu ya amani. Ni vigumu kuandika kwamba watoto wawili wa makabila mawili wamecheka mpaka wakashika mbavu. Hata hivyo hili la pili ndilo amani yenyewe, na lile la kwanza ni habari zake tu. Wanaotoa fedha wakielezwa kwa unyofu, wengi wataelewa. Tuwe na ushujaa wa kuwaeleza.

Kosa la tatu ni mchango. Tunasema kambi ni ya watoto wote, kisha tunadai fedha, blanketi, sahani, viatu vya michezo. Wanaofika ni watoto wa walimu, wa watu wa ofisi, wa wenye duka. Mtoto wa mchuuzi wa ndagala anabaki akiwatazama kutoka nje ya ua. Na kati ya wanaobaki, wasichana ni wengi kuliko wavulana, kwa kuwa msichana akiondoka nyumbani siku tano, nani atachota maji, nani atambeba mdogo wake? Mama hamkatalii kwa ubaya. Anahesabu mikono iliyobaki. Tumeona dawa mbili zikifaa. Kwanza, kila jumuiya ya wakristu itume watoto wake na kuwalipia pamoja, kwa unga, maharage, sombe au kuni, kila mtu kwa uwezo wake, hata pasipatikane anayejua nani alileta nini. Pili, jumuiya hiyo hiyo iwagawie majirani kazi za nyumba ya yule msichana kwa siku hizo. Bidoni mbili za maji kutoka kwa jirani ni sadaka inayompendeza Mungu.

Kosa la nne ni ziwa. Hapa twasema kwa ukali. Tanganyika ni ziwa la pili duniani kwa kina, na karibu na milima yetu chini hushuka mara moja. Kiangazi upepo wa kusini huja na mawimbi makubwa. Kuelekea mdomo wa Ruzizi kuna viboko na mamba. Pamoja na hayo tumeona watoto arobaini wakiachwa majini na kiongozi mmoja asiyejua kuogelea. Tumeona mtumbwi uliojaa kupita kiasi ukielekea Kalundu kwa «matembezi», bila koti moja la kuokolea. Mungu aliwalinda. Lakini kumjaribu Mungu ni dhambi, na katekisimu yatufundisha hivyo. Mwenye kambi asiye na mwogeleaji hodari, na kamba, na hesabu ya vichwa kabla na baada, basi watoto wake wacheze mpira nchi kavu. Na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Mji unaokijua kipindupindu kama Uvira hauna udhuru.

Na wazazi je?

Tumeacha mwisho jambo lililo kubwa kwetu. Kambi zetu karibu zote huwachukua watoto na kuwaacha wazazi. Watoto wanarudi na nyimbo mpya, wanasali kabla ya kula, wanasema habari za rafiki wa kabila jingine. Baba anasikiliza, hasemi neno. Juma moja baadaye anamkataza mtoto asimtembelee rafiki yule. Mbegu imepandwa shambani, na mwenye shamba hakuulizwa.

Kwa sababu hiyo twaunga mkono wale wanaojaribu kambi ya familia, hata ya siku mbili tu, hata ya Jumapili moja. Watu husema haiwezekani, akina baba hawaji. Tumeuliza sababu, na sababu ni nyepesi: kambi hupangwa kwa kalenda ya shule, na baba wa pwani anaishi kwa kalenda ya mwezi. Ndagala huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu, taa hazina nguvu, mitumbwi hupumzika, nao wavuvi hukaa pwani wakishona nyavu. Hizo ndizo siku za likizo walizopewa na Muumba mwenyewe. Mwenye kupanga kambi ya familia na atazame mbinguni kabla ya kutazama karatasi. Akichagua usiku wa mwezi mpevu atawapata akina baba, na tena hatahitaji mafuta ya taa.

Wakija, wasihubiriwe kutwa. Waachwe wapike wanaume, na akina mama wakae kivulini watazame. Twajua kwamba wengine watacheka. Wacha wacheke, kicheko hicho kina faida. Mama wa pwani yetu huamka wa kwanza na kulala wa mwisho, na pengine tangu arusi yake hajawahi kuketi akapewa sahani na mtu mwingine. Siku moja ya namna hiyo yafundisha ndoa kuliko masomo matatu.

Hazina tunayoisahau

Neno moja bado. Kambi nyingi huwasimulia watoto habari za mashujaa wa mbali. Si vibaya. Lakini sisi tunao wetu. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa maasi, Bruda Vittorio Faccin alipigwa risasi huko Baraka, mbele ya misioni. Padri Luigi Carrara alikuwa akiungamisha. Alitoka, akaamriwa apande gari, akakataa, akaomba afe karibu na ndugu yake. Akauawa hapo. Jioni ile ile huko Fizi waliuawa Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert, mtoto wa baba Mfaransa na mama Mkongo. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa Wenye heri.

Carrara alikuwa na miaka 31, Faccin 30. Walikuwa vijana. Mmoja aliamriwa apande gari na kumwacha mwenzake chini, naye hakutaka. Jioni, moto wa kambi ukiwaka, ni hadithi gani inayowafaa zaidi watoto ambao kila mara wameambiwa: kila mtu na watu wake? Italia na Kongo, padri na bruda, damu moja mchangani. Tusiisimulie kwa haraka, wala tusiitie chumvi. Yatosha kama ilivyotokea.

Basi, ndugu wasomaji, likizo zitakuja tena, kama Mungu akijalia utulivu. Padri atasimama baada ya Misa na kutangaza kambi. Msitazamane tu. Mwulizeni maswali haya kwa heshima: Je, mtoto wa mchuuzi wa ndagala ataingia? Nani atalinda majini? Saa ngapi za kucheza? Wazazi wataitwa lini, na mwezi utakuwaje usiku huo? Padri hatachukia. Akipata majibu mazuri, mpeni unga.

Na yule msichana aliyelala mpaka jua likatoka: mwaka uliofuata hakuja. Mama yake alikuwa amejifungua, na hapakuwa na mtu wa kuchota maji. Kutoka nyumbani kwao mpaka kanisani ni mwendo wa dakika tano, na katikati kuna nyumba nyingi za Wakristu. Yetu ni mojawapo.